Mfuko wa Pili

Luvungi iko katika tambarare ya Ruzizi, kwenye barabara ya taifa namba 5 inayounganisha Bukavu na Uvira, na anayevuja damu hapo huitegemea barabara hiyo kabla hajamtegemea daktari. Upande wa juu kuna Katogota na Kamanyola, kisha kona na magenge ya Ngomo, kisha Nyangezi na hatimaye Bukavu, kilipo kituo cha mkoa cha damu. Upande wa chini kuna Sange, halafu Uvira ziwani. Mvua kubwa huifunga barabara, na vita huifunga zaidi: Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu kisha wakashuka hadi Kamanyola, safari ya kawaida ya mgonjwa ilikatwa na mstari wa mapigano. Katika hali hiyo mfuko wa damu ukipatikana hupokewa kama uhai wenyewe, na ni haki. Lakini mfuko huohuo unaweza kumnyima mgonjwa pumzi ndani ya saa sita, kidonda kikiwa kimeshafungwa na kila mtu akidhani hatari imepita. Hoja ya sura hii ni kwamba hospitali ndogo ya tambarare, kwa sababu ni ndogo, ina haja kubwa kuliko hospitali kubwa ya kuuamua kila mfuko peke yake, na ya kuanza kuyalinda mapafu kabla hata mfuko wa kwanza haujatundikwa. Mara nyingi mfuko wa kwanza hauna mjadala. Wa pili ndio unaopaswa kuulizwa maswali.

Mapafu huumizwa na damu ya kuongezwa kwa njia kuu mbili, na kuzichanganya kunaua. Njia ya kwanza madaktari huiita TACO: damu na maji vimeingia kwa wingi au kwa kasi kuliko moyo unavyoweza kusukuma, shinikizo linapanda katika mishipa ya mapafu, na maji yanasukumwa kuingia kwenye vifuko vya hewa. Njia ya pili huitwa TRALI. Hapa moyo hauna kosa na huenda maji hayakuzidi. Plazma ya mtoaji imebeba kingamwili zinazozishambulia chembe nyeupe za mgonjwa, au vichocheo vingine vilivyojijenga katika damu iliyohifadhiwa. Chembe hizo, ambazo zimekwisha kukusanyika katika mishipa myembamba ya mapafu kwa sababu ya jeraha, maambukizi au upasuaji, zinawaka na kuchoma kuta za mishipa hiyo. Mkulima wa mpunga wa Ruzizi anaijua tofauti hii vizuri: kuna siku mfereji unafurika kwa sababu maji yamefunguliwa mengi mno, na kuna siku maji ni ya kawaida ila ukingo umetobolewa. Shamba linazama siku zote mbili, lakini dawa ya siku moja si dawa ya siku nyingine.

Mark Popovsky na Breanndan Moore wa Mayo Clinic, Marekani, walieleza wagonjwa 36 wa TRALI mwaka 1985. Wote walihitaji oksijeni ya ziada, na asilimia 72 walihitaji mashine ya kupumulia. Waliokufa walikuwa wachache, kama mmoja kwa kila 20, na wengi mapafu yao yalirudi katika hali nzuri ndani ya siku chache. Takwimu hizi zimewafariji wasomaji wengi wa vitabu vya tiba, na ndipo ninapoomba tusimame. Kinachoufanya ugonjwa huu uonekane mpole ni mashine: karibu robo tatu ya wagonjwa walivushwa nayo hadi mapafu yakajiponya. Ukiiondoa mashine, ukabakiza silinda moja ya oksijeni au mtambo unaotegemea umeme usioaminika, ugonjwa wenye vifo asilimia 5 unageuka kuwa ugonjwa mwingine kabisa. Wala si nadra kama inavyosemwa. Uchunguzi wa baadaye wa Mayo Clinic hiyohiyo, uliofuatilia watu walioongezewa damu katika upasuaji usiohusu moyo, ulikuta TRALI kwa zaidi kidogo ya mmoja katika kila mia, na TACO kwa asilimia 5.5 mwaka 2004 na asilimia 3 mwaka 2011. Zilionekana nyingi kuliko ilivyodhaniwa kwa sababu safari hii zilitafutwa.

Pingamizi la kwanza hutolewa na wale wanaoijua Kivu kwa karibu, na lina uzito. Wanasema: shida yetu ni damu kukosekana, kumwonya muuguzi wa Luvungi kuhusu damu iliyozidi ni kumwonya mwenye njaa kuhusu shibe. Ningekubali kama uhaba ungefanya kazi kwa namna hiyo. Fuata mwenendo wenyewe wa usiku mmoja wa namna hii. Mama ameletwa akivuja baada ya kujifungua. Damu haipo, kwa hiyo anawekewa maji ya chumvi, chupa moja, mbili, nne, kwa kuwa ndicho kilichopo na shinikizo limeshuka. Maji hayabebi oksijeni wala hayagandishi. Yanaipunguza nguvu damu iliyobaki na mama anazidi kuvuja. Ndugu wanapatikana, wanapimwa, na baada ya saa kadhaa mifuko miwili inafika pamoja. Inatundikwa yote kwa haraka, kwa hofu inayoeleweka, juu ya mwili uliokwisha kujazwa lita za maji. Tena ni damu nzima, ambayo haijatenganishwa: mfuko wa mililita 450 una plazma zaidi ya nusu yake, ilhali katika hospitali za Ulaya mgonjwa kama huyu hupewa chembe nyekundu zilizoondolewa karibu plazma yote. Hivyo uhaba haumwepushi mgonjwa na TACO. Unamchelewesha tu kuifikia, na unamfikisha akiwa na moyo uliochoka kwa upungufu wa damu wa miezi, maana malaria ya tambarare hii haimngoji mtu awe mjamzito ndipo imtafune.

Kwamba maji ya haraka yanaweza kuua tulifundishwa Afrika Mashariki yenyewe. Jaribio la FEAST, lililochapishwa mwaka 2011, lilihusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliokuwa na homa kali na dalili za mzunguko wa damu kudhoofika. Waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa asilimia 10 na ushee ndani ya saa 48; ambao hawakumiminiwa walikufa asilimia 7.3. Nakiri kwamba hawa walikuwa watoto wagonjwa wa maambukizi, wala si watu wa chumba cha upasuaji, na kwamba watafiti wenyewe walionyesha baadaye kuwa wengi waliuawa na moyo na mzunguko kuzimika, si maji mapafuni. Hata hivyo lilivunja imani kwamba maji hayana madhara. Miaka minane baadaye jaribio la TRACT, katika hospitali za Mbale, Soroti na Mulago nchini Uganda na Blantyre nchini Malawi, liliuliza swali la damu yenyewe: mtoto mwenye upungufu mkubwa wa damu apewe mililita 20 kwa kila kilo, au 30? Jibu halikuwa moja. Watoto wasio na homa walinufaika na kipimo kikubwa; wenye homa walidhurika nacho. Hospitali zile hazikuwa za kitajiri, na bado ziliweza kupima, kusubiri, kumchunguza mtoto upya na kuamua. Tunachokiomba kwa Luvungi kina mfano wake ng'ambo ya mpaka.

Kongo pia ina somo lake la zamani zaidi. Mwaka 1988 watafiti waliofanya kazi Kinshasa, katika hospitali iliyoitwa Mama Yemo, walionyesha kwamba watoto waliolazwa kwa malaria walikuwa wakipata virusi vya ukimwi kwa njia ya damu waliyoongezewa. Hofu ya virusi hivyo iliwafanya waganga wengi wa bara hili waache kutoa mfuko mmoja wa kumpa mtu rangi usoni. Leo damu hupimwa virusi, na hofu ile imepoa. Ninachohofia ni kwamba ile nidhamu imepoa pamoja nayo, kana kwamba kirusi ndicho kilikuwa hatari pekee. Ushahidi wa kujizuia umeongezeka. Jaribio la TRICC la Kanada, mwaka 1999, liligawa wagonjwa mahututi 838: wengine wakaongezewa damu himoglobini iliposhuka chini ya gramu 10 kwa desilita, wengine iliposhuka chini ya 7. Wale wa 7 hawakufa zaidi, na maji mapafuni yalionekana zaidi kwa wale wa 10. Na mpaka wa chini uko wapi? Mwaka 2002 Jeffrey Carson na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa waliokataa damu kwa imani yao ya dini wakafanyiwa upasuaji. Kati ya walioshuka hadi gramu 7.1 mpaka 8 hakufa hata mmoja. Kati ya walioshuka hadi 4.1 mpaka 5 alikufa mmoja katika kila watatu. Kwa mgonjwa aliyeacha kuvuja, basi, gramu 7 si sababu ya kukimbilia mfuko wa pili, na gramu 5 si mahali pa kufanyia ushujaa.

Njia bora kabisa ya kuyalinda mapafu ni kutovuja. Kauli hii inaonekana nyepesi mpaka uhesabu ni vitu vingapi vya kuzuia damu visivyohitaji friji, benki ya damu wala bingwa. Dawa ya traneksamiki, iliyogunduliwa na wanandoa Wajapani Utako na Shosuke Okamoto, huzuia damu iliyoganda isiyeyushwe mapema. Katika jaribio la CRASH-2 la mwaka 2010, kwa majeruhi 20,211, ilipunguza vifo kutoka asilimia 16 hadi 14.5. Katika jaribio la WOMAN la mwaka 2017, kwa wanawake 20,060 waliokuwa wakivuja baada ya kujifungua, vifo vya kuvuja vilishuka kutoka asilimia 1.9 hadi 1.5, na walioipata ndani ya saa tatu walifaidi zaidi. Jumla ya vifo vya sababu zote haikushuka kwa kiasi cha kutangazwa, na hilo lisemwe. Lakini sura hii inahusu kuvuja, na kwa kuvuja dawa hii inafanya kazi. Gramu moja huchomwa mshipani taratibu kwa dakika kumi, ya pili ikifuata baada ya nusu saa kama mama bado anavuja. Baada ya saa tatu haina tena faida. Dawa hii inastahimili joto la kabati la Luvungi, tofauti na oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, inayotaka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Kabetosini inayostahimili joto nayo imejaribiwa, Kenya na Uganda zikiwemo, na katika kuzuia kuvuja haikuwa nyuma ya oksitosini. Nalo jaribio la E-MOTIVE la mwaka 2023, katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, lilipunguza madhara makubwa ya kuvuja baada ya uzazi wa kawaida kwa asilimia 60, hasa kwa kuweka chini ya mama plastiki yenye alama inayoipima damu badala ya kuikisia kwa macho, kisha kumpa matibabu yote kwa mpigo.

Kisha kuna mkono wa mpasuaji. Mshono wa kuukandamiza mji wa mimba uliotangazwa mwaka 1997 na Christopher B-Lynch, mzaliwa wa Sierra Leone, unahitaji uzi, sindano na mtu aliyeufanyia mazoezi. Ipo pia njia ya kale ambayo naiona imesahaulika isivyostahili. Mwanamke aliyepasukiwa na mimba iliyotunga nje ya kizazi huwa na lita moja au mbili za damu yake mwenyewe tumboni. Mjerumani Johannes Thies aliwarudishia wagonjwa wake damu hiyo mwaka 1914. Huchotwa kwa bakuli safi, huchujwa kwa tabaka za shashi iliyotakaswa, huchanganywa na dawa ya kuzuia kuganda, na kurudishwa mshipani. Haifai ikiwa imechafuliwa na utumbo, ina maambukizi, au imekaa siku nzima. Ikiwa mbichi na safi, haina kirusi cha mtu mwingine, haina kundi la kutafuta, na haina kingamwili za mgeni za kuwasha TRALI. Njia kama hizi zinalifaa eneo hili. Hospitali ya Lemera, mlimani juu ya tambarare hii, ambako Denis Mukwege alikuwa daktari mkuu, ilivamiwa tarehe 6 Oktoba 1996, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Hospitali ya Panzi ya Bukavu, aliyoianzisha mwaka 1999, ilikusudiwa kwanza kwa wanawake wanaojifungua. Upasuaji wa eneo hili umekulia katika uhaba na ukatili. Mbinu za aina hii ni urithi wake halali, wala zisionewe haya kana kwamba ni tiba ya daraja la pili.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza, nami silipunguzi: ukimtia mganga hofu ya mapafu atachelewesha damu, na kuvuja kunaua kwa dakika wakati TRALI inaua kwa saa. Utafiti wa Kiafrika wa matokeo ya upasuaji uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta kwamba wanawake wanaojifungua kwa upasuaji barani hufa kwa kiwango cha takriban mara 50 ya nchi tajiri, na kuvuja damu kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoambatana na vifo hivyo. Kwa hiyo iandikwe wazi: mgonjwa anayemwaga damu, mwenye mapigo yanayokimbia na fahamu zinazopotea, apewe damu mara moja, na kama ni damu nzima mbichi, ni bora, maana ina vigandishi na chembe sahani ambavyo mifuko ya chembe nyekundu haina. Hapo maji ya chumvi yapungue ili nafasi ibaki kwa damu. Mgonjwa afunikwe, hata Ruzizi kukiwa na joto, kwa kuwa tumbo lililo wazi na maji baridi ya mshipani hushusha joto la mwili na damu huacha kuganda. Tahadhari ninayoitetea huanza pale mshipa unapofungwa. Kuanzia dakika hiyo dharura imebadilika jina, na mfuko uliobaki mezani hauna haki ya kuingia kwa sababu tu ndugu fulani ameutoa na itakuwa aibu kuumwaga. Mkuu wa zamu ahesabu pumzi kwa dakika nzima, asome kipimo cha oksijeni cha kidoleni, asikilize kifua, apime himoglobini, ndipo aseme ndiyo au hapana.

Suala la mtoaji linagusa desturi zetu, na linahitaji upole. Kingamwili zinazosababisha TRALI hupatikana zaidi kwa wanawake waliowahi kubeba mimba, kwa sababu mwili wa mama hujifunza kuzitambua chembe alizorithi mtoto kutoka kwa baba. Uingereza ilipoanza mwaka 2003 kupendelea plazma ya wanaume, vifo na visa vya TRALI vilishuka sana. Sasa fikiri nani hujitokeza kwanza mtoto anapopasuliwa: mama yake. Ni tendo la upendo lisilo na mfano, na ndilo linaloweza kuelekeza kingamwili hizo moja kwa moja kwa mtoto aliyezichochea; visa vya namna hiyo vimeandikwa. Mume kumpa damu mkewe aliyemzalia watoto kuna hatari yake pia, ingawa ni nadra zaidi, kwani safari hii kingamwili ziko kwa mpokeaji. Hata ndugu wa tumbo moja si jibu, kwa kuwa damu mbichi ya jamaa wa karibu ina hatari nyingine, ndogo lakini ya kuua, ya chembe za mtoaji kuota na kuushambulia mwili wa mpokeaji. Pasipo mtu mwingine, mama atoe, mume atoe, ndugu atoe, wala asilaumiwe mtu. Palipo na nafasi ya kuchagua, anayefaa zaidi ni kijana wa kiume wa hiari, asiye jamaa, aliyekwisha kupimwa zaidi ya mara moja. Makanisa ya Luvungi, shule zake na waendesha pikipiki wa barabarani wanao vijana hao kwa mamia. Orodha ya watu ishirini wenye kundi O, wanaojulikana kwa nyumba na kwa namba ya simu, ni kazi ya wiki chache, na ingeupunguza ule mzunguko mbaya wa maji mengi kwanza na damu kwa mkupuo baadaye.

Pumzi ikibadilika damu ikiwa inaingia, tendo la kwanza ni kufunga mrija wa damu, si kuongeza mwendo wake. Baada ya hapo shinikizo la damu ndilo shahidi wa kwanza. Likiwa juu, mishipa ya shingo imevimba, mgonjwa akitaka kukaa wima, TACO ndiyo inayodhaniwa, na furosemidi, dawa ya kutoa maji mwilini, humsaidia. Likiwa limeshuka, homa imepanda, povu linatoka puani, TRALI inafaa kushukiwa, na furosemidi inaweza kummaliza kwa kuzidi kumkausha. Huyo anahitaji oksijeni, uangalizi na muda. Kumpandisha Bukavu kuna hesabu yake. Luvungi iko karibu mita 1,000 juu ya bahari. Ziwa Kivu, ambalo Bukavu iko kando yake, liko mita 1,460. Kwa mtu mzima wa afya tofauti hiyo si kitu, lakini kwa mapafu yaliyojaa maji, yenye kipimo cha oksijeni kilichokwisha shuka hadi 88, kupungua kwa shinikizo la hewa kwa asilimia 5 njiani Ngomo kunaweza kuwa ndiko kuzama. Silinda ipimwe kabla ya gari kuondoka: lita zilizomo, lita zinazotumika kwa dakika, saa za barabara, na akiba ya lori lililokwama.

Yote haya hayatajulikana kama hayaandikwi. Waingereza waligundua tatizo la plazma ya kina mama kwa sababu tangu mwaka 1996 walikuwa na mfumo wa kitaifa wa kukusanya taarifa za madhara ya damu, kisa kimoja baada ya kingine, bila kumwadhibu aliyetoa taarifa. Luvungi haihitaji mfumo wa taifa ili ianze. Daftari moja katika chumba cha upasuaji linatosha, likiwa na saa mfuko ulipotundikwa na ulipokwisha, jinsia ya mtoaji na kama amewahi kuzaa, maji yaliyotangulia, pumzi kwa dakika kabla ya mfuko na baada yake, na hali ya mgonjwa saa sita baadaye. Safu hiyo ya mwisho ndiyo hukosekana katika madaftari mengi, kwa sababu saa sita zikitimia zamu imebadilika na aliyetundika mfuko yuko nyumbani. Anayepokea zamu akabidhiwe saa hiyo kwa jina la mgonjwa.